Kinachowafanya wanajeshi kujisajili, kisha kurejea vitani kwa hiari

MNAMO Julai 4, 2008, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao, wanajeshi 1,215 walikusanyika katika Kasri la Al Faw jijini Baghdad, jengo lililokuwa la Saddam Hussein, wakainua mikono ya kulia na kula kiapo cha kuendelea kulitumikia jeshi la Marekani. Aliyewaapisha ni Jenerali David Petraeus, ambaye wakati huo alikuwa kamanda wa majeshi ya muungano nchini Iraq.

Vita hivyo vilikuwa vimeingia mwaka wa sita. Zaidi ya wanajeshi 4,000 wa Marekani walikuwa wamekwisha kuuawa, na maelfu ya wengine walikuwa wamerudishwa kwao wakiwa wamekatwa miguu, wamepofuka au wameharibikiwa na akili. Waliokula kiapo siku hiyo hawakusimuliwa habari za mabomu ya kutegwa barabarani. Walikuwa wakiishi nayo. Kila mmoja wao angeweza kuhesabu siku zilizosalia katika mkataba wake, akafunga virago na kurudi nyumbani. Badala yake walitia saini upya.

Ni nini basi kinachomsukuma mtu mwenye akili timamu kuingia jeshini wakati wa vita, na kubaki humo hata baada ya kuonja makali yake?

Majibu ya haraka huwa mawili. Wapo wanaosema ni uzalendo, na wapo wanaosema ni njaa ya pesa. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotosha. Wasomi waliochunguza suala hili tangu Vita vya Pili vya Dunia wamegundua kwamba sababu za kuingia jeshini si zile zile za kubaki, na kwamba sababu za kubaki zina kikomo chake.

JESHI LA HIARI

Ili kuelewa hali ya Iraq, sharti mtu arudi nyuma hadi 1973. Mwaka huo Marekani ilikomesha mtindo wa kuwalazimisha vijana kujiunga na jeshi, mtindo ambao ulikuwa umezua maandamano makubwa wakati wa vita vya Vietnam. Tangu hapo, kila anayevaa sare za jeshi la nchi hiyo ameomba mwenyewe kuzivaa.

Mabadiliko hayo yaliligeuza jeshi kuwa mwajiri kama waajiri wengine. Lililazimika kushindania vijana na viwanda, maduka, kampuni za ujenzi na vyuo vikuu. Lilianza kutangaza nafasi zake kwenye televisheni, kufungua afisi za usajili katika miji midogo, na kupanga mishahara na marupurupu kulingana na hali ya soko la ajira.

Mwanasosholojia Charles Moskos wa Chuo Kikuu cha Northwestern alionya katika miaka ya 1970 kwamba uanajeshi ulikuwa ukiacha kuwa wito na kuanza kuwa kazi ya mshahara. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu aliyekuja kwa ajili ya mshahara angetoroka risasi zitakapoanza kulia. Kwa karibu miaka 30 hofu hiyo haikupata kupimwa ipasavyo, kwa maana Vita vya Ghuba vya 1991 vilimalizika haraka. Mtihani wenyewe ulikuja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, vita vilipoanza Afghanistan mwaka huo na Iraq mnamo Machi 2003.

Matokeo ya mtihani huo yaliwashangaza wengi. Katika mwaka wa matumizi ya fedha wa 2005, jeshi la nchi kavu lilikusudia kusajili makurutu 80,000 lakini likaambulia takriban 73,000 pekee. Vijana walikuwa wakitazama picha za majeneza kwenye runinga, nao wazazi walikuwa wakiwazuia. Hata hivyo, mwaka huo huo jeshi hilo lilipita lengo lake la kuwabakisha waliokuwa ndani: lilihitaji wanajeshi 64,000 hivi wajisajili upya, na zaidi ya 69,000 wakafanya hivyo.

Kwa maneno mengine, waliokuwa mbali na vita walivikwepa, ilhali wengi waliokuwa ndani yake waliamua kusalia.

MLANGO WA KUINGILIA

Kijana wa miaka 18 anayeingia katika afisi ya usajili huwa hajui vita. Anachokijua ni picha ya vita, na picha hiyo huipata nyumbani. Takwimu za jeshi la Marekani zinaonyesha kwamba takriban makurutu wanne kati ya kila watano wana jamaa aliyewahi kuwa mwanajeshi, na karibu asilimia 30 wana mzazi aliyevaa sare hizo. Majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, yenye kambi nyingi za kijeshi, hutoa vijana wengi kuliko sehemu yake ya idadi ya watu. Katika miji kama Fayetteville, North Carolina, iliyo kando ya kambi ya Fort Bragg, mtoto hukua akiona uanajeshi kuwa kazi ya kawaida, jinsi mtoto wa mvuvi anavyoiona bahari.

Uzalendo nao upo, ila haufanyi kazi jinsi wengi wanavyodhani. Baada ya Septemba 11, simu zililia mfululizo katika afisi za usajili, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba vijana walikuwa wakimiminika. Ukweli ni kwamba idadi ya waliotia saini hatimaye haikupanda kwa kiwango kilichotarajiwa. Wapo walioacha mengi, akiwemo Pat Tillman, mchezaji wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani, ambaye mnamo 2002 aliweka kando mkataba wa mamilioni ya dola na kujiunga na kikosi maalum. Aliuawa Afghanistan mnamo Aprili 2004, kwa risasi za wenzake waliomdhania adui. Lakini watu wa aina hiyo ni wachache. Hasira ya siku moja haitoshi kumfanya mtu atie saini mkataba wa miaka minne.

Hali ya uchumi ina nguvu zaidi. Uchumi wa dunia ulipoyumba mnamo 2008, na ukosefu wa kazi Marekani ukafikia asilimia 10 mnamo Oktoba 2009, matawi yote ya jeshi yalitimiza malengo ya usajili mwaka huo, ijapokuwa vita viwili vilikuwa vikiendelea kwa wakati mmoja. Kinyume chake kilitokea 2022. Marekani ilikuwa imekwisha kuondoka Afghanistan, lakini kazi zilikuwa tele mitaani, na jeshi la nchi kavu likakosa robo ya makurutu 60,000 liliowahitaji.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba jeshi la hiari ni jeshi la maskini hohehahe. Wasio na shahada ya sekondari hupata taabu kuingia, na kila mwombaji hufanyiwa mtihani. Wengi wa makurutu hutoka katika familia za kipato cha wastani. Matajiri wakubwa na mafukara kabisa ndio wachache. Kinachowavuta si kutafuta mlo bali ni kutafuta ngazi ya kupandia.

Ngazi hiyo mara nyingi ni elimu. Sheria ya 1944 iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt iliwalipia karo wanajeshi waliorudi kutoka vita vikuu, na zaidi ya milioni mbili kati yao wakaingia vyuoni. Sheria mpya iliyopitishwa Juni 2008, na kuanza kutumika Agosti 2009, iliwapa waliohudumu baada ya Septemba 11 karo ya miezi 36 katika vyuo vya umma, pesa za kodi ya nyumba na za vitabu. Katika nchi ambayo mhitimu wa chuo huweza kulipa deni la karo kwa miongo miwili, ahadi kama hiyo si jambo dogo.

WENZAKE KUSHOTO NA KULIA

Mtu akishaingia na kwenda vitani, mizani yake hubadilika. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Samuel Stouffer miongoni mwa wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, na kuchapishwa 1949, ulionyesha kwamba mwanajeshi aliye mstari wa mbele huzungumza kidogo sana kuhusu bendera au demokrasia. Anachotaka ni kuimaliza kazi ili arudi nyumbani, na asiwaangushe wenzake. Mwaka mmoja kabla yake, Edward Shils na Morris Janowitz walikuwa wamefikia jambo linalokaribiana na hilo walipochunguza ni kwa nini majeshi ya Ujerumani yaliendelea kupigana hata baada ya kushindwa kuwa dhahiri. Walieleza kwamba mwanajeshi hushikamana na kikundi chake kidogo kuliko anavyoshikamana na itikadi.

Mnamo 2003, watafiti wa chuo cha kivita cha jeshi la Marekani wakiongozwa na Leonard Wong waliwahoji wanajeshi waliokuwa wametoka kuiteka Baghdad. Jibu lililorudiwa zaidi lilikuwa lile lile: walipigana kwa ajili ya rafiki zao. Lakini wengi waliongeza kwamba waliamini walikuwa wakiwakomboa Wairaki. Wasomi wengine walipinga uzito uliotiwa kwenye urafiki, wakisema kinachokiunganisha kikosi ni kuaminiana katika kazi, wala si lazima watu wapendane. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana kwamba mwanajeshi huyo hajioni kuwa mtu binafsi anayepiga hesabu zake peke yake.

Hapa ndipo penye kiini cha kujisajili upya. Kikosi kinapojiandaa kurudi vitani, sajini ambaye mkataba wake unamalizika anajua kwamba vijana aliowafunza wataenda, naye akiwapo au asiwepo. Akiondoka, nafasi yake itachukuliwa na mtu asiyewajua. Ikiwa mmoja wao atauawa, atajiuliza maisha yake yote kama angeweza kumwokoa. Kwa mtu wa namna hiyo, kurudi nyumbani si kupona. Ni kuwatoroka wenzake.

Yapo pia yale ambayo wanajeshi wenyewe huyasema kwa sauti ya chini. Vitani kazi yao ina maana, na ujuzi walioupata kwa miaka hutumika. Kijana wa miaka 23 huongoza watu kumi, akaamua mambo ya kufa na kupona. Akirudi mtaani hupewa kazi ya kupanga bidhaa dukani, katikati ya watu wasioujua hata mji aliopigania. Watu waliohudumu katika vita vya Iraq na Afghanistan hawakufika asilimia moja ya Wamarekani wote, na wengi wao walihisi kwamba taifa lao liliendelea na shughuli zake kana kwamba hapakuwa na vita. Kambini, angalau, kila mtu alielewa.

HESABU ZA NYUMBANI

Pamoja na hayo yote, mwanajeshi mwenye mke na watoto lazima apige hesabu. Jeshi la Marekani lilizielewa hesabu hizo vyema na likaweka vivutio mahali pake.

Kwanza ni bonasi. Kadiri vita vilivyozidi kuwa virefu, ndivyo jeshi lilivyozidi kutoa malipo ya mkupuo kwa waliorefusha mikataba, na kwa baadhi ya kazi yalifika dola 40,000. Sheria iliongeza utamu: mwanajeshi wa ngazi za chini akitia saini akiwa ndani ya eneo la vita, bonasi yake haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Ndiyo sababu wengi walisubiri wafike Iraq au Afghanistan kwanza, kisha wakainua mkono. Kwa makomando wenye uzoefu wa miaka mingi, jeshi lilitangaza mnamo 2005 malipo ya hadi dola 150,000, kwa kuwa kampuni binafsi za ulinzi zilikuwa zikiwanyakua kwa mishahara minono.

Pili ni matibabu. Marekani haina bima ya afya ya umma kwa raia wote, na mfanyakazi wa kawaida anaweza kufilisika kwa sababu ya operesheni moja. Familia ya mwanajeshi hutibiwa kwa gharama ndogo mno. Mwanajeshi ambaye mkewe ni mjamzito au mtoto wake ana maradhi ya kudumu hufikiri mara mbili kabla ya kuitupa kinga hiyo.

Tatu ni pensheni. Kwa utaratibu uliotumika miaka hiyo, aliyehudumu miaka 20 alistaafu na nusu ya mshahara wake wa msingi maisha yake yote, hata kama alikuwa na umri wa miaka 38. Aliyeondoka akiwa na miaka 19 hakupata senti ya pensheni hiyo. Kwa hivyo mwenye miaka 10 au 12 kazini alikuwa amefika katikati ya daraja, na kurudi nyuma kulimgharimu kuliko kusonga mbele. Utaratibu huo ulirekebishwa kuanzia 2018.

Nne ni watoto. Sheria ya elimu ya 2008 ilimruhusu mwanajeshi aliyehudumu angalau miaka sita kumhamishia mkewe au mwanawe karo yake, kwa sharti moja: akubali kutumikia miaka minne zaidi. Hivyo mzazi alirudi vitani ili mwanawe aende chuoni.

UTASHI WA WAGENI

Kundi moja lina sababu ya ziada, nalo linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mnamo Julai 2002, Rais George W. Bush alitoa amri iliyowaruhusu wageni wanaotumikia jeshi kuomba uraia mara moja, bila kusubiri miaka mitano kama wahamiaji wengine. Kufikia 2015, zaidi ya wanajeshi 100,000 walikuwa wamepata uraia kwa njia ya utumishi wao.

Mpango mwingine ulioanza 2009 ulifungua mlango hata kwa wageni waliokuwa na vibali vya muda pekee, mradi wawe wahudumu wa afya au wazungumze lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo, pamoja na Kisomali, Kihausa na Kiamhari. Mwanafunzi kutoka Mombasa, Arusha au Bujumbura, ambaye angengoja miaka mingi kupata kibali cha ukaazi wa kudumu, aliweza kuapa kuwa raia baada ya miezi michache tu.

Lakini ahadi hiyo ilikuwa na miiba. Mpango ulisimamishwa 2016 kwa hoja za usalama, na makurutu wengi waliokuwa wamekwisha kutia saini wakajikuta wakichunguzwa miaka nenda miaka rudi huku vibali vyao vikiisha. Baadhi yao waliachishwa kazi kabla hata ya kuanza mafunzo.

KIKOMO CHA HIARI

Je, kuna wakati hiari hukatika? Utafiti wa shirika la RAND uliochapishwa 2009 ulitoa jibu lenye pande mbili. Katika miaka ya 1990, waliopelekwa katika shughuli za nje walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujisajili upya kuliko waliobaki kambini. Lakini katika jeshi la nchi kavu, kadiri miezi ya vita ilivyorundikana, hali iligeuka. Kufikia 2006 kupelekwa vitani kulikuwa kunawapunguzia watu hamu ya kubaki, na bonasi ndizo zilizosaidia kuziba pengo.

Mnamo Aprili 2007, Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba zamu ya vitani ingerefushwa kutoka miezi 12 hadi 15. Ndoa zilivunjika. Utafiti mwingine wa RAND wa 2008 ulikadiria kwamba takriban wanajeshi 300,000, kati ya milioni 1.64 waliokuwa wametumwa Iraq na Afghanistan, walikuwa na msongo unaotokana na mshtuko wa vita au mfadhaiko mkubwa. Visa vya kujiua vilizidi kuongezeka.

Jeshi lenyewe lilianza kulegeza masharti. Umri wa juu wa kujiunga ulipandishwa hadi miaka 42 mnamo 2006, na mnamo 2007 makurutu wenye shahada ya sekondari walishuka hadi asilimia 71 ilhali lengo lilikuwa 90. Waliokuwa na rekodi za uhalifu walisamehewa kwa wingi zaidi.

Halafu kulikuwa na wale ambao hawakuulizwa. Kanuni moja iliruhusu jeshi kumzuia mwanajeshi asiondoke hata baada ya mkataba wake kumalizika, ikiwa kikosi chake kilikuwa kikienda vitani. Wakosoaji waliiita njia ya mlango wa nyuma ya kuwalazimisha watu kupigana. Serikali ilipoamua baadaye kuwafidia kwa dola 500 kwa kila mwezi walioshikiliwa, ilikadiria kwamba waliostahili walikuwa takriban 145,000. Idadi hiyo inapaswa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba vita vya Iraq vilipiganwa na watu wa hiari.

DENI LA SERIKALI

Wakenya wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Makumi ya maelfu ya Waafrika kutoka koloni hili walihudumu katika Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao chini ya King's African Rifles, na baadhi wakafika hadi misitu ya Burma. Wapo waliolazimishwa, na wapo walioingia wenyewe kwa ajili ya mshahara, ujuzi, kuiona dunia au heshima ya sare. Waliporudi, walowezi wa Kizungu waliokuwa wanajeshi waligawiwa mashamba, ilhali askari Mwafrika alirejea kwenye kipande na ubaguzi aliouacha. Waruhiu Itote alikuwa amepigana Burma kabla ya kuingia msituni na kujulikana kama Jenerali China. Bildad Kaggia naye alikuwa amehudumu Mashariki ya Kati kabla ya kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta.

Historia hizo mbili, ya Nairobi na ya Baghdad, zinaonyesha kwamba mwanajeshi anapotia saini huwa anafanya mapatano. Yeye hutoa uhai wake. Serikali nayo huahidi kwamba vita ni vya lazima, kwamba zamu itakuwa na mwisho, kwamba akijeruhiwa atatibiwa, na kwamba akifa watoto wake hawataachwa kwenye mataa. Uaminifu wake kwa wenzake ni mkubwa kiasi kwamba atarudi vitani hata ahadi hizo zikianza kuvunjwa, kwa muda. Huo ndio udhaifu wake mbele ya wanaomtuma. Serikali inayojua kwamba askari hatawaacha wenzake inaweza kushawishika kumrudisha mara ya tatu, ya nne na ya tano, kisha ikaita hali hiyo uzalendo.

Kwa sababu hiyo, idadi ya wanaojisajili upya haiwezi kuchukuliwa kuwa kura ya kuunga mkono vita. Miongoni mwa walioapa Baghdad, bila shaka walikuwepo walioamini vita hivyo, waliovichukia na wasiojali siasa zake kabisa. Wabunge na mawaziri wanaotaka kujua kama vita ni vya haki hawana budi kulitafuta jibu penginepo, wala wasijifiche nyuma ya mikono iliyoinuliwa na wanajeshi.